Mpira wa Kikapu Umekosa Msimulizi

Ndugu zangu waandishi chipukizi, katika kurasa hizi tumezoea kuchambua riwaya, mashairi na tamthilia. Leo naomba nichambue kitu ambacho huenda wengi wenu hamkihesabu kuwa ni fasihi, nacho ni usimulizi wa michezo. Msije mkadhani nimeiacha kalamu nikakimbilia kurasa za nyuma za magazeti. La hasha! Hoja yangu ni moja, na nitaisema mapema ili asiyekubaliana nayo aanze kunoa kisu: mchezo haupendwi kwa kuonwa tu, unapendwa kwa kusimuliwa. Mpira wa miguu tumeusimulia kwa Kiswahili mpaka ukawa wa kwetu. Mpira wa kikapu tumeutazama tu. Ndiyo maana mpaka leo unaonekana ni mchezo wa wenyewe huko, na Mtanzania aliyefika nao juu kabisa tumempoteza mikononi huku tunacheka.

Mimi ni mshabiki, si mtaalamu. Niko Litumbandyosi, huku wilayani Mbinga, nilimaliza kidato cha nne, mchana nashika jembe na usiku nashika kalamu, kwa maana kuna riwaya naihangaikia. Huku kwetu ukisema "mpira" bila kuongeza neno, umesema mpira wa miguu. Kwenye kibanda umiza watu wanajazana kwa ajili ya Simba na Yanga na ligi ya Uingereza, na ukichelewa unasimama mlangoni. Mpira wa kikapu naangalia kwenye simu, bando likiruhusu, pamoja na ule mpira wa vyuo vya Marekani ambao wenyewe wanauita wa miguu ilhali muda mwingi wanaubeba mikononi. Washikaji wa kijiweni wananiona nimechanganyikiwa kidogo. Siku moja mmoja alichungulia simu yangu, akatazama kama dakika mbili hivi, kisha akauliza: "Sasa hao wanagombea nini?"

Ni swali la kawaida kabisa, lakini lilinikalia kichwani kwa wiki nzima. Maana nilipojaribu kumjibu, kila sentensi ilianza kwa Kiswahili ikaishia kwa Kiingereza, na uso wake ukazidi kufunga. Nikasema hapana, hili si tatizo la mchezo, hili ni tatizo la usimulizi. Na usimulizi, jamani, ndiyo kazi tunayodai kuifanya.

Hebu kwanza tuutazame mpira wa miguu umefikaje hapo ulipo. Kumbukeni kwamba Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. Zanzibar walitangulia, wao walikuwa nayo tangu miaka ya 70 mwanzoni. Kwa hiyo kwa miongo mingi mtu wa Mbinga, wa Kigoma au wa Nachingwea hakuona mechi ya Dar es Salaam hata moja. Aliisikia kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtangazaji hakuwa na picha ya kumsaidia, alikuwa na mdomo tu. Ilimbidi aujenge uwanja ndani ya kichwa cha msikilizaji: goli la kaskazini, goli la kusini, jukwaa kuu liko wapi, jua linampiga nani usoni, nani kavaa jezi gani, mpira uko katikati ya uwanja au umeshaingia kumi na nane. Akikosea kuujenga, watu laki kadhaa wanapotea njia.

Watu kama Charles Hilary kwetu na Leonard Mambo Mbotela kule Kenya, ambao wote wawili walifariki mwaka 2025, walijulikana nchi nzima kwa sauti kabla hawajajulikana kwa sura. Mjomba wangu ana zaidi ya miaka 60. Mpaka leo anaweza kukueleza bao la mechi ambayo hakuiona, anakuonyesha kwa mikono mpira ulivyokata kona ya juu, na ukimwuliza, "Mjomba, ulikuwepo?" anashangaa swali lenyewe. Kwake yeye alikuwepo. Alisimuliwa na mtu aliyejua kusimulia, basi, kwisha.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, maana hapa ndipo fasihi ilipojificha. Mpira wa miguu ulikuja na Waingereza na maneno yao. Tulikopa mengi na hatukuona haya: kona, penati, refa, golikipa, winga. Lakini hatukuishia kwenye kukopa. Tuliuingiza mchezo ndani ya nyumba zetu. Goli likapewa mlango, na mwenye kulilinda akawa mlinda mlango. Mti wa juu wa goli tukauita mtambaa panya, kama ule wa darini ambao panya anapita usiku watu wakiwa wamelala. Aliyeukimbilia mpira kabla ya wakati tukasema ameotea. Aliyeugusa kwa mkono tukasema amenawa, kana kwamba anataka kukaa mezani kula! Aliyerushiwa mpira juu ya kichwa tukasema kavishwa kanzu. Aliyepitishiwa katikati ya miguu kapigwa tobo. Mpira wenyewe ukawa gozi la ng'ombe. Na mpira ukiingia, mfungaji amefumania nyavu. Hebu fikirini, kufumania! Neno la ugomvi wa ndoa, la mtu kurudi nyumbani bila taarifa, limechukuliwa likabandikwa kwenye nyavu za goli. Na nyavu si kitu cha kigeni kwetu. Shukeni hapo ziwani, Lituhi au Mbamba Bay, mtaziona zimeanikwa juani.

Nadiriki kusema kwamba hakuna kamati iliyokaa ikayatunga maneno hayo yote. Yalizaliwa redioni, magazetini na mchangani, katika midomo ya watu waliokuwa na haraka na waliohitaji picha. Hii ndiyo sababu bibi ambaye hajawahi kupiga mpira maishani mwake akisikia "ameotea" anaelewa kwamba mtu kafanya udanganyifu wa aina fulani. Lugha imemfungulia mlango, si lazima ajue sheria.

Wapo watakaosema: Bwana wee, mpira wa miguu una nafasi, mpira unasafiri hewani, mtangazaji anapata pumzi. Kikapu ni mchezo wa haraka mno, vitendo vinapandana, Kiswahili chenye viambishi vyake virefu hakiwezi kukimbizana nacho. Hoja hii nimeisikia na siikubali hata kidogo. Nendeni mkasome vitabu vya Elvis Musiba, mtu wa "Kufa na Kupona" na "Njama". Willy Gamba anapoingia kwenye chumba chenye maadui, ngumi na mateke vinapandana kwa kasi kuliko mchezo wowote wa kikapu, na msomaji hapotei. Anajua mkono upi umepiga na nani kaanguka upande gani. Wengi wetu tuliovuka shule tulivisoma vitabu hivyo chini ya dawati mwalimu akiwa ubaoni. Kama Kiswahili kiliweza kusimulia ngumi, kinashindwaje kusimulia mtu anayeruka na mpira?

Mimi niliamua kujaribu palepale kijiweni, na nilianza na mchezo mgumu zaidi, ule mpira wa vyuo vya Marekani. Kwa asiyeujua ni vurugu tupu: watu 22 wamevaa kofia ngumu, wanagongana, wanaanguka, filimbi inalia, wanasimama, wanapanga mstari, wanagongana tena. Nikawaambia wenzangu hivi: chukulieni ni watu wanalima ngwe. Umekatiwa ngwe ya yadi 10, na umeruhusiwa kuingia nayo mara 4 tu. Ukiimaliza ndani ya mara hizo 4, unakatiwa nyingine mbele yake, unasonga. Ukishindwa, unamkabidhi mwenzako jembe, naye anaanza kulima kuelekea kwako. Anayefika mwisho kabisa wa shamba na mpira wake mkononi amepata pointi 6. "Na hao wanaomrukia?" mmoja akauliza. Nikamwambia hao ni watu wa upande wa pili, hawataki ulime hata hatua moja.

Basi, ikawa kasheshe. Watu waliokuwa wanasema ni vurugu wakaanza kuhesabu: "Hiyo ni ya pili, bado mbili." "Kabakiza yadi moja tu, huyo anamaliza!" Betri ya simu ilikufa kabla ya mchezo kwisha na nililaumiwa mimi. Sikuwafundisha sheria za Marekani, niliwapa neno moja la shambani ambalo walikuwa nalo tangu utotoni.

Na huo mpira wa vyuo si mchezo wa kupuuzwa kwa mtu anayetafuta hadithi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, unachukua watu 107,601. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000 na tunauona mkubwa. Yaani wanafunzi, watu wa rika letu wenye mitihani wiki ijayo, wanatazamwa na umati mkubwa kuliko wa Simba na Yanga, na kwa miaka mingi hawakuruhusiwa kulipwa mshahara, zaidi ya kusomeshwa na kutunzwa. Ni mwaka 2021 tu ndipo waliporuhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na mwaka 2025 vyuo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Mkenya Daniel Adongo, mcheza raga, aliingia timu ya kulipwa ya Indianapolis Colts mwaka 2013 bila hata kupitia mpira wa vyuo. Mtu wa jirani kabisa, kaingia kwenye shamba lile. Mimi bado naisubiri hadithi yake kwa Kiswahili.

Turudi kwenye kikapu, maana huko ndiko kidonda kiliko.

Mchezo huu una jina zuri kuliko tunavyofikiri. James Naismith alipoubuni mwezi Desemba 1891 mjini Springfield, Marekani, alitundika vikapu vya kweli, vya kuwekea matunda aina ya pichi, na vilikuwa na matako. Mpira ukiingia, mtu ilibidi aende kuutoa. Kwa hiyo tunaposema mpira wa kikapu tunasema ukweli wa asili ya mchezo, na mtu wa Mbinga aliyekulia kwenye mashamba ya kahawa anakijua kikapu kuliko vijana wengi wa New York. Lakini tumeishia kwenye jina. Ukishaingia ndani ya mchezo, Kiswahili kinabaki mlangoni kimevua viatu. Ni rebaundi, ni bloku, ni danki, ni asisti. Sikatai kukopa, nimeshasema mpira wa miguu ulikopa. Ninachokataa ni kukopa bila kuongeza cha kwako. Bloku haimwonyeshi bibi chochote.

Nimejaribu kutafuta, nanyi mnaweza kunipinga. Mpira uliokosa kikapu na kuruka juu, na watu wakaurukia chini ya pete, kwa nini tusiseme mtu ameuangua? Sote tumeangua maembe. Unanyoosha mkono, unamwahi mwenzako, na asiye mrefu anaruka. Mpira uliokuwa njiani kwenda kikapuni na mtu akaupiga kofi hewani, huo ametungua. Yule anayeruka mpaka mkono wake uko juu ya pete na kuuzamisha mpira kwa nguvu, huyo ameshindilia, kama tunavyoshindilia kahawa kwenye gunia mpaka lisikubali tena. Na mpira unaopigwapigwa chini huku mtu anakimbia, huo anaudundisha, neno ambalo watoto wanalo tayari. Naona mengine yatakufa na mengine yataishi. Yale ya redioni pia hayakuishi yote.

Sasa nitoe mfano wa kile tunachokikosa. Kuna mchezo mmoja ambao kama ungekuwa wa Simba na Yanga, watoto wangekuwa wanaujua mpaka leo kama wanavyojua hadithi za sungura. Ulichezwa Alhamisi tarehe 12 Machi 2009, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, robo fainali ya mashindano ya vyuo vya Big East, Connecticut na Syracuse. Ulianza saa 3:36 usiku kwa saa za kwao. Kwetu ilikuwa saa 10:36 alfajiri ya Ijumaa, majogoo yakiwa kazini.

Dakika 40 za kawaida zilikwisha 71 kwa 71. Lakini hazikuisha hivihivi. Saa ikiwa inakata roho, Eric Devendorf wa Syracuse alifyatua mpira kutoka mbali, ukaingia. Akarukia juu ya meza akashangilia, ukumbi ukalipuka. Waamuzi wakaenda kutazama picha. Vidole vyake vilikuwa bado vinaugusa mpira saa ilipofika sifuri. Bao likafutwa. Mtu ateremke mezani, kazi ianze upya.

Wakaongezewa dakika 5. Sare. Wakaongezewa 5 nyingine. Sare. Tatu, nne, tano: sare, sare, sare. Na hapa ndipo mwandishi anapaswa kusimama na kutoa kalamu mfukoni: katika nyongeza zote 5 hizo, Syracuse hawakuongoza hata mara moja. Kila mara walitangulizwa, kila mara wakasawazisha. Wachezaji 8 walitolewa kwa kujaza madhambi. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70, na hakulipwa mshahara kwa hata moja. Nyongeza ya 6 ilipoanza, Andy Rautins akafyatua wa mbali, pointi 3, na kwa mara ya kwanza tangu nyongeza zianze Syracuse wakawa mbele. Hawakushikika tena. Iliisha 127 kwa 117, saa 7:22 usiku. Huku kwetu ilikuwa saa 2:22 asubuhi, watoto wako darasani, watu wa mashambani wameshatoa jasho la kwanza.

Na katikati ya Connecticut usiku ule, chini ya pete, alikuwepo mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, miaka 22. Hasheem Thabeet.

Naomba mjiulize kwa uaminifu: mnajua nini kuhusu Thabeet? Nimeuliza kijiweni, nimeuliza hata mjini Songea nilipopita. Majibu ni mawili tu. La kwanza, "Yule mrefu aliyechaguliwa namba 2." La pili, linalokuja na kicheko, "Si aliboronga?" Basi. Ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho. Riwaya nzima ya katikati haipo.

Hayo mawili ni ya kweli na sina nia ya kuyapamba. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua wa 2 katika nchi ya Marekani nzima, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Nyuma yake, namba 3, alikuwepo James Harden, na namba 7 Stephen Curry, na nyinyi mnajua hao walivyokuja kuwa. Februari 2010 timu ilimshusha kwenda ligi ya chini, na hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi kile akashushwa kabla yake. Alicheza misimu mitano, Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, kisha akatoka. Baadaye alicheza mpaka Taiwan. Kila orodha ya Wamarekani ya waliochaguliwa juu wakashindwa, jina lake halikosekani.

Lakini kabla ya hapo? Msimu wa 2008 hadi 2009 alikuwa na wastani wa pointi 13.6 kwa mchezo, aliangua mipira 10.8, na alitungua 4.2. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya chuo cha Providence, alifunga pointi 15, akaangua mipira 11, akatungua 10. Kumi! Yaani mara kumi mtu alidhani amefunga, na mara kumi mkono wa Mtanzania ukamwambia rudi ulikotoka. Miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, alikuwa mlinzi bora wa Big East. Timu yake ilifika nusu fainali ya vyuo vyote vya Marekani mwaka ule, ikafungwa na Michigan State 82 kwa 73 mjini Detroit. Kijana ambaye kikapu alikianza amechelewa, wakati wenzake wa kule wanaanza wakiwa watoto wadogo.

Kwa nini sehemu hii haipo midomoni mwetu? Siyo kwamba ilifichwa. Ni kwamba haikupata msimulizi wa Kiswahili kwa wakati wake. Tulipata namba. Baadaye Wamarekani walipotoa hukumu yao, tukaitafsiri hukumu bila kuwahi kuisikia kesi. Kicheko cha kijiweni si chetu, ni kicheko cha kukopa. Mmarekani anacheka kwa sababu aliiona njia nzima na akakata tamaa. Sisi tunacheka nini? Hatukuwahi hata kutumaini, maana hakuna aliyetupa cha kutumaini. Kama angekuwa mlinda mlango aliyezuia penati 10, mjomba wangu angekuonyesha kwa mikono kila moja.

Hapa sina budi niwaguse watangazaji wa siku hizi, kwa heshima. Wapo wazuri sana, wenye maneno yanayokufanya uzime picha ubaki na sauti. Lakini wengi televisheni imewalegeza. Picha ipo, kwa hiyo hawaijengi. Wanataja jina la mwenye mpira, wanapiga kelele bao likiingia, na katikati wanasoma takwimu. Mtangazaji wa redio alikuwa na hofu kwamba akinyamaza uwanja unatoweka. Hofu ile ndiyo iliyokuwa mwalimu wake.

Na sisi waandishi je? Sisi ni wabaya zaidi. Nimesoma hadithi nyingi za chipukizi wenzangu, na kila mchezo unapotajwa unapita kwa sentensi moja: timu yake ilishinda, watu wakashangilia, usiku wakaenda disko. Mhusika ni mchezaji kwa jina tu, hatumwoni akicheza. Tunaandika kurasa nne za mapenzi yasiyo na kituo, halafu saa ile mwili wa mtu unapofanya jambo la ajabu, tunafunga macho. Tunaamini mchezo si jambo zito. Lakini mchezo unaisha kwa sekunde, unamfedhehesha mtu mbele ya watu, unampandisha juu ya meza na kumshusha. Kama huo si uzito, sijui tunautafuta wapi.

Msidhani pia kwamba jambo hili limepita na Thabeet. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi, akachaguliwa wa 7 mwaka 2011. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma, naye akachaguliwa wa 7 mwaka 2021 na Golden State Warriors, na mwaka 2022 timu yake ikawa bingwa. Lubumbashi na Goma ni miji inayoongea Kiswahili, ingawa cha kwao kina ladha yake. Mwaka 2021 ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ilianza Kigali, na Zamalek ya Misri ikawa bingwa wa kwanza. Mchezo umesogea mpaka uani kwetu. Utakuja na watangazaji wake wa Kiingereza na Kifaransa, na takwimu zake, na hukumu zake. Tukikaa kimya tutapokea tena hukumu bila kesi.

Sitaki kumaliza kwa kulalamika, maana malalamiko tunayo ya kutosha. Napendekeza zoezi. Kila mmoja wetu achague mchezo mmoja wa kikapu, hata wa shuleni, hata wa watoto wanaotupia kwenye pete iliyopinda. Achukue sekunde 24 tu, ule muda ambao wakubwa wa kulipwa wanapewa kuutupa mpira kabla haujachukuliwa na wenzao. Azisimulie kwa ukurasa mmoja, kwa mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo huo, na kila anapokopa neno la Kiingereza aweke kando yake neno moja la kwake. Kisha amsomee mtu mzima asiyependa michezo. Akiulizwa "Wanagombea nini?" ajue bado. Akiulizwa "Ikawaje?" ajue ameweza.

Mimi wa kwangu nimeshauanza, ni ule wa mara kumi dhidi ya Providence. Nimefika mpira wa nne. Mwenye neno bora kuliko "kutungua" aniandikie hapahapa ukurasani, tugombane.